Kaburi la Regina

Msimu wa pamba wa mwaka 1953, stesheni ya Shinyanga haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Malori yalijipanga kuanzia geti la mizigo hadi kwenye maduka ya Wahindi, wapagazi walipishana wakitukanana nusu Kisukuma nusu Kiswahili, na nyuzi za pamba zilielea hewani hata kila mtu akaonekana kama ametoka kulala kwenye pipa la unga.

Bernadina alikuwa amekuja kupokea jora la kitambaa cha bafta kutoka Tabora. Alivaa gauni la maua ya bluu lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe, na kitambaa cha kichwa cha rangi ile ile. Alikuwa anapenya katikati ya malori mawili pale kamba ilipokatika juu, gunia likaporomoka, likampiga begani na kupasuka. Alikaa chini bila kutaka, pamba ikiwa imemjaa kichwani, shingoni na mdomoni.

Dereva aliruka kutoka kwenye lori kabla injini haijazimika.

"Dada! Unaniona?"

"Nitakuonaje na macho yamejaa mali ya Mhindi?" alijibu Bernadina, akitema pamba.

Kijana akacheka. Alikuwa mrefu, suruali ya kaki, mikono ya shati imekunjwa, mwanya katikati ya meno. Alichuchumaa akaanza kumchambua pamba nywele moja moja, kama mtu asiye na haraka hata kidogo, huku malori ya nyuma yakimpigia honi.

"Umependeza, haki ya Mungu. Kama bi harusi wa Kizungu."

"Bi harusi gani hana bwana?"

"Bwana si ndiye huyu aliyekuangukia?"

Bernadina alitaka kukasirika, akashindwa. Kijana aliitwa Mihayo. Alipeleka vyakula na mafuta migodi ya Geita kwa kupitia Kahama, Ushirombo na Runzewe, akirudi na pamba.

Kesho yake alifika nyumbani kwa Mwahija, mwanamke wa mjini aliyempangisha Bernadina chumba na kibaraza cha kushonea. Alileta shati lililochanika ubavuni. Mwahija, mtu wa Ujiji kwa asili na mwenye ulimi usiolala, alilichukua, akalinusa, akaligeuza.

"Shati hili halikuchanika, baba. Limechanwa. Na kisu chenyewe kilikuwa kikali."

"Shikamoo, mama," alisema Mihayo, akitazama chini.

"Marahaba. Dina, mshonee haraka, asije kesho akatuletea mguu."

Lakini Mihayo alirudi, na kila safari hakukosa sababu. Mara vifungo, mara ndizi za Runzewe, mara asali ya Ushirombo ndani ya chupa. Bernadina alijifunza kulitambua lori lake kwa mlio tangu likiwa sokoni. Jioni walikaa kibarazani, yeye akikanyaga cherehani, Mihayo akimsimulia wachimbaji wa Geita wanaokesha wakicheza gramafoni. Mwahija alikaa mlangoni akijidai anachambua mchele.

"Dina wangu, nikifa njiani utalia?"

"Nitalia. Nani ataniletea asali?"

"Ukatili huo umefundishwa na masista?"

Ni kweli alikuwa amelelewa na masista, misheni ya Ushirombo. Alipelekwa pale akiwa mchanga, na walimwambia hayo tu. Mengine, walisema, atayajua akikua. Alikua, akaogopa kuuliza. Alipokwisha kujua kushona alikuja Shinyanga, akaliacha swali lake kule kule.

Swali lilimfuata. Mihayo alipomwambia baba yake, Mzee Mabula wa Usanda, kwamba amepata mchumba, mzee hakuuliza sura wala dini. Aliuliza ukoo.

"Amelelewa misheni, baba."

"Misheni si ukoo. Ng'ombe zangu nitampelekea nani? Padri? Kamtafute mama yake, au kaburi la mama yake, ndipo uje tuongee."

Mihayo alimweleza Bernadina hayo akiwa amemshika mkono. Alimwona anavyonywea, akasema: "Usihofu. Pale misheni wana kitabu cha ubatizo na kitabu cha wafu. Hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa asiyeandikwa. Nikipita nitamwomba Padri anitazamie. Wewe shona."

Safari ile alichelewa kurudi. Alipofika alikuwa amekonda uso. Hakutania, hata Mwahija alipomwuliza kama Geita wamemnyima chakula. Alimngoja mama huyo aingie ndani.

"Dina, nimempata mama yako."

Cherehani ilisimama.

"Aliitwa Regina. Mtu wa Runzewe. Alifariki akikuzaa, pale pale misheni, na kaburi lake lipo. Una bibi, Dina. Una mjomba anaitwa Donatus. Wao walisikia tu kwamba Regina amekufa kwa uzazi, hawakujua kama mtoto aliishi."

Bernadina aliweka uso kwenye kile kitambaa alichokuwa anashona, akalia mpaka kikalowa. Mihayo alimpapasa mgongo, naye akalia. Siku ile Bernadina alidhani Mihayo analia kwa furaha.

Walikwenda wote kwa lori. Makaburini Ushirombo, Mihayo alimwonyesha msalaba wa mbao ulioliwa na mchwa, jina likisomeka kwa shida. Bernadina alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la Jumapili. Alimweleza mama yake kila kitu: kwamba anajua kushona, kwamba hajawahi kuugua sana, kwamba amepata mtu. Aling'oa majani kwa mikono mitupu mpaka kucha zikauma. Alipotaka kwenda kumsalimu Padri, Mihayo alisema yuko vigangoni, tena Runzewe wanangoja na jua linakwenda.

Runzewe, bibi kizee mwembamba alitoka ndani akiegemea mlango. Alimshika Bernadina mashavu, akamgeuza huku na huku.

"Ni masikio yake," alisema. "Donatus, tazama. Masikio ya Regina."

Akamkalisha mapajani mtu mzima yule kama mtoto. Tangu hapo Bernadina hakupitisha msimu bila kwenda. Bibi alimfundisha kusonga ugali wa udaga wa muhogo, kumsema vibaya jirani, na kulala mchana bila aibu. Alimwita "mayu", kama mama anavyomwita binti yake mpenzi. Mzee Mabula aliridhika, ng'ombe wakaswagwa mpaka kwa Donatus, na watu wakala wakashiba.

Ikabaki kanisa. Paroko wa Shinyanga alitaka jambo moja tu: cheti cha ubatizo cha Bernadina kutoka Ushirombo.

"Nitapita kukichukua," alisema Mihayo.

Akapita, akarudi mikono mitupu. Padri alikuwa safarini. Safari ya pili mto ulikuwa umejaa. Safari ya tatu alisahau. Akaanza kusema kanisa lina haraka gani, mahari si imekwishapokelewa, kwa nini wasiishi tu kama wazee walivyoishi.

"Ana mwingine," alisema Mwahija, akimenya viazi. "Mwanangu, mimi nimeolewa mara tatu, mbili na madereva. Huyu ana mke Geita, na mke huyo ana cheti."

Bernadina alimtetea mchana, usiku akamshtaki. Mihayo alipokuja safari iliyofuata alimwuliza uso kwa uso.

"Niambie tu jina lake."

"Nani?"

"Huyo wa Geita."

Mihayo alimtazama kwa namna ya ajabu, karibu kama mtu aliyepata afueni. "Dina, sina mwanamke mwingine duniani. Niue kama ninaye."

"Basi cheti kiko wapi?"

 Mihayo aliwasha lori akaenda zake.

Bernadina alipanda basi la Kahama, akaunganisha. Alifika Ushirombo asubuhi, kengele ya misa ikiwa imekwishalia. Padri Valerian, kijana wa Kisumbwa ambaye wakati Bernadina anaondoka alikuwa bado mseminari, alitoka sakristia, akamwona, akashuka ngazi upesi.

"Bernadina! Pole, mwanangu. Pole sana. Tulidhani hutakuja tena."

"Pole ya nini, Padri? Nimefuata cheti cha ubatizo."

Padri alisimama. "Mihayo hakukuambia?"

"Ameniambia. Habari za Regina."

"Regina yupi?"

Waliingia ofisini. Padri alifungua kitabu kikubwa cha ubatizo, akatafuta kwa kidole, kisha akakigeuza ili Bernadina asome mwenyewe. Bernadina aliliona jina lake. Kando yake: baba, Ignas, marehemu. Mama, Nshoma.

"Wamekosea," alisema. "Mama yangu ni Regina wa Runzewe. Kaburi lake liko pale nje. Nimelipalilia."

Padri hakubishana naye. Alichukua kitabu cha wafu cha mwaka ule ule, akamwonyesha mstari: Regina, wa Runzewe, amefariki kwa uzazi. Mstari uliofuata ulikuwa wa mtoto wake wa kike, aliyebatizwa upesi na kumfuata mama yake siku chache baadaye. Wamezikwa pamoja.

"Mama yako hakufa wakati ule," alisema Padri Valerian. "Alikuwa na ukoma. Alikuleta mwenyewe, akaomba usiambiwe, watu wasije wakakutenga. Akaenda kambini kwa wakoma, kule ng'ambo ya mto. Mihayo alipokuja kuulizia nilimwona ni mchumba, mtu wa kuaminika. Nikaenda kambini kumwuliza Nshoma kama niseme. Akakubali. Nikampa kijana ujumbe wake akuletee."

"Ujumbe gani?"

Padri alifunga kitabu. "Alisema: kama anaolewa, na aje nimwone. Asiponitaka, asije."

Bernadina aliuliza: "Na sasa?"

Kitabu cha tatu, cha wafu wa siku hizi, kilikuwa kipya, karatasi bado nyeupe. Nshoma alikuwa ameandikwa Kwaresma ya mwaka huo. Kwaresma hiyo Bernadina alikuwa Runzewe, anasonga udaga na kucheka na bibi.

Alikwenda kambini kwa miguu. Mhudumu aliyeitwa Euphrasia, aliyemwosha mama yake mpaka mwisho, alimwonyesha nyumba ndogo ya udongo, iliyofagiwa, na tuta la mchanga nyuma yake.

"Aliniazima kanga yangu safi," alisema Euphrasia. "Mikono yake ilikuwa imeharibika, hakutaka uione mara ya kwanza. Lori likilia barabarani, hujifunika mikono na kungoja. Likipita, ananirudishia kanga. Mwisho nikamwachia."

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema ulikuwa na haki ya kutokuja."

Bernadina alipopiga magoti safari hii hakuwa na la kusema. Yote alikuwa ameshamwambia Regina.

*

Mihayo alimkuta uani kwa Mwahija. Alipomwona tu alijua. Aliondoa kofia.

"Ulimzika mama yangu akiwa hai," alisema Bernadina.

"Dina..."

"Ulipita pale mara ngapi? Ulipiga honi, yule mwanamke akajifunika mikono, ukaenda zako Geita kupeleka mafuta ya taa."

"Nilikuwa nakupoteza! Unamjua baba. Angesikia neno ukoma angenikana. Nikaona Regina pale kitabuni, mwaka ule ule, watu wake wako mbali. Nikasema tukishafunga ndoa nitakuambia. Nikachelewa. Kila nikitaka kusema, unanisimulia bibi yako kakupikia nini."

Mwahija, aliyekuwa anasikiliza jikoni, alitoka na mwiko mkononi akamwonyesha mlango. Mihayo akaondoka.

Hakukoma. Alikuja na kukaa nje ya kibaraza kila aliporudi, bila kuingia. Mvua ilimkuta pale. Bernadina alishona nguo za watu akiwa amempa mgongo, na usiku alikasirika kwa kuwa masikio yake bado yalilisubiri lori. Kumpenda hakukuisha. Angeweza kuapa kwamba kutaisha, lakini hakukuisha.

Hatimaye alimfungulia.

"Neno moja tu," alisema. "Nenda Usanda. Mwambie baba yako mimi ni mtoto wa nani. Akikataa, sawa, uje uniambie amekataa. Lakini amwite mama yangu kwa jina lake."

Mihayo alikwenda. Alirudi anakimbia, shati limelowa jasho.

"Amekubali! Alinyamaza mpaka nikaogopa. Kisha akasema, mtoto hakuchagua mahali pa kuzaliwa, mlete."

"Umemtaja Nshoma?"

"Nimemtaja."

Bernadina alicheka huku analia, akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, kisha akaacha uso wake pale pale. Mihayo alimkumbatia mpaka pini za kushonea alizobandika Bernadina kifuani zikamchoma, wala hakujiondoa. Jioni ile Mwahija alipika pilau, akasema yeye hakuwahi kumtilia shaka kijana huyu hata siku moja.

Jumapili walikwenda Usanda. Bernadina alivaa gauni jeupe la kola ya lesi. Mzee Mabula alikuwa ameketi kivulini mbele ya nyumba, kigoda chake kimeelekea zizini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Mama Mihayo, leta maziwa, mgeni wetu kafika." Mzee alitabasamu na meno machache aliyokuwa nayo. "Watu wa Runzewe hawajambo? Bibi yako anaendeleaje na miguu?"

Bernadina alipokea kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili. Alikunywa funda moja, kwa kuwa adabu ilimtaka anywe. Kisha alimtazama Mihayo. Mihayo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Baba," alisema Bernadina, "mimi si mtu wa Runzewe. Mama yangu aliitwa Nshoma. Alikufa mwaka huu, kambini kwa wakoma, Ushirombo. Mwanao anajua tangu kabla ng'ombe zako hazijatoka zizini."

Kuku waliendelea kuparua. Mzee Mabula alimtazama mwanawe, akapata jibu usoni mwake. Akainuka, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa mbali, akawapa mgongo wote wawili.  Mama yake Mihayo alikichukua kile kibuyu kwa ncha za vidole, akazunguka nacho nyuma ya nyumba.

Mihayo alimkimbilia njiani.

"Ningemwambia! Nilitaka tufike kanisani kwanza."

"Hivyo ndivyo ulivyosema safari ile."

"Tuhame, Dina. Tukaishi Geita, kwenye kambi za mgodi. Kule kila mtu ametoka kwao, hakuna anayeuliza ukoo wa mtu. Nakupenda. Unajua kwamba nakupenda."

"Najua. Ungekuwa hunipendi ningekutukana nikaenda zangu, nikalala vizuri." Alivua kitambaa cha kichwa akajifuta uso. "Na mtoto wetu akiuliza bibi yake nani, utamwonyesha kaburi gani?"

 Bernadina alimngoja. Alimngoja kweli, maana neno moja la haki lingemrudisha. Halikuja. Alichosema Mihayo ni kwamba jua ni kali, apande lori ampeleke mjini. Bernadina akatembea.

Ilibaki Runzewe. Angeweza kumwachia Donatus kazi hiyo, au asiende kabisa. Wazee hufa, na bibi angekufa akiwa na mjukuu. Bernadina alilifikiria hilo ndani ya basi njia nzima, akaona ndivyo Mihayo alivyofikiri.

Bibi alikuwa anaanika mihogo juu ya mwamba. Aliacha kila kitu.

"Mayu! Umekonda. Wanakunyima nini huko?"

Bernadina alimkalisha chini. Alimweleza taratibu, akianza na Nshoma, akamalizia na ile mistari miwili ya kitabu cha wafu. Donatus alikuja akasimama nyuma yao na jembe begani, akasikia yote. Alisema ng'ombe watarudishwa Usanda wiki hii hii, kisha akaondoka upesi, kana kwamba ng'ombe wameshaanza kutoroka.

 Bibi alijipangusa unga wa muhogo mikononi. 

"Huyo mtoto wa Regina," alisema. "Walimpa jina?"

"Walimpa, bibi. Anjela."

"Aliishi kidogo?"

"Siku chache. Amezikwa na mama yake. Msalaba ni mmoja."

"Anjela," bibi alilijaribu jina, likamshinda, akalijaribu tena. Alimtazama Bernadina, akamtazama masikio, akageuza uso upande wa mihogo. "Ulipalilia pale, ulisema."

"Nilipalilia, bibi."

"Ahsante." Akainuka kwa shida, na Bernadina aliponyosha mkono kumsaidia, hakuupokea. Hakuwa na hasira. Alikwenda mlangoni akasimama pale, mkono mmoja kwenye mwimo.

"Nenda sasa, mwanangu," alisema. "Leo niache nimlilie wangu."